Kutazama Jua na Kuandika

Sisi watu wa Barumbu tumezoea kusoma jua. Kivuli kikiwa kifupi kabisa, tunajua ni saa sita. Mzee akiona jua limechoma vikali tangu asubuhi, anaita: "Batoto, ingizeni mupunga, mvua iko inakuja!" Na mara nyingi inakuja kweli. Lakini siku mzee anapokufa, hesabu yake inazikwa pamoja naye, juu haikuandikwa popote. Ndiyo sababu tunapenda kuwasimulia, wasomaji wapenzi, habari ya mtu mmoja aliyetazama jua na kuandika.

Heinrich Schwabe alizaliwa Dessau, Ujerumani, mwaka 1789. Kazi yake ilikuwa kuuza dawa, si kusomesha elimu ya nyota. Toka 1826 alitazama jua kwa darubini, akikinga macho vizuri, maana jua halitazamwi kwa macho matupu. Alitafuta sayari mpya inayopita mbele ya jua. Ili asiichanganye na madoa meusi ya jua lenyewe, aliyachora madoa hayo na kuyahesabu kila siku isiyo na mawingu. Mwaka 1829 aliuza duka lake apate nafasi zaidi.

Ile sayari hakuiona kamwe, na kweli haipo. Lakini baada ya miaka 17 makaye yake yalimwonyesha jambo lingine: madoa yanaongezeka, yanapungua, kisha yanaongezeka tena, kila miaka 10 hivi. Alitangaza hayo mwaka 1844, watu hawakujali. Mwaka 1851 Humboldt alichapisha hesabu yake katika kitabu Kosmos, ndipo wataalamu wakafunguka macho. Mwaka 1857 chama cha wanaastronomia cha London kikampa medali ya dhahabu. Leo tunajua mzunguko huo ni karibu miaka 11, na michoro yake zaidi ya 8,000 ingali inatumika.

Tusiseme hayo ni mambo ya Ulaya tu. Hapa kwetu, kule Yangambi, toka 1937 mpaka 1958, watu waliandika kila juma mti gani umetoa maua, upi umeangusha majani. Karatasi zile zinasaidia watafiti wa leo kuelewa msitu wetu.

Basi tuanze nyumbani: mzee atazame, mjukuu ashike kaye. Tarehe, jua, mvua, basi. Mwaka wa kwanza hatutaona kitu. Schwabe naye alingoja miaka 17.