Wosia, Kinyago na Mfanyakazi wa Ndani: Nusu Karne ya Siri za Familia Kwenye Runinga ya Japani

Mzee Inugami Sahei, tajiri wa hariri mwenye miaka 81, yuko kitandani anakata roho. Ukoo mzima umemzunguka. Mabinti zake ni watatu, kila mmoja na mama yake, na hakuna hata mmoja anayemlilia. Wanachotaka kujua ni wosia uko wapi. Wakili anawajibu kwamba wosia upo, lakini hautafunguliwa mpaka wajukuu wote wa kiume wakusanyike, na mmoja wao, Sukekiyo, bado hajarudi kutoka vitani.

Ndivyo inavyoanza Inugami-ke no Ichizoku, yaani Ukoo wa Inugami, riwaya ambayo Yokomizo Seishi aliichapisha kwa mfululizo katika jarida la King kati ya 1950 na 1951. Runinga ya Japani imeirudia kwa sura tofauti mwaka 1977, 1990, 1994, 2004, 2018 na 2023. Watazamaji wengi wanamjua muuaji kabla hata ya kuwasha seti, na bado wanakaa kutazama. Kinachowashika ni jinsi ndugu wa damu moja wanavyogeukana karatasi ya mirathi inapotandazwa mezani.

Yokomizo alizaliwa Kobe mwaka 1902. Katika miaka ya 1930 aliugua kifua kikuu, akahamia Kami-Suwa, katika milima ya Nagano, kutafuta hewa safi. Mji huo uko kando ya Ziwa Suwa, na jirani yake Okaya ulikuwa ngome ya viwanda vya nyuzi za hariri. Humo ndimo ilimochipukia kampuni ya Katakura, iliyokuja kuwa miongoni mwa wakubwa wa biashara hiyo nchini, na familia yenye kampuni ikawajengea wenyeji bafu kubwa la umma mwaka 1928. Kwa hiyo Yokomizo alipobuni mji wa Nasu wenye ziwa, jumba kubwa na tajiri mmoja aliyeshika uchumi wote wa eneo, hakulazimika kwenda mbali kutafuta mfano.

Sahei alifika Nasu akiwa kijana wa miaka 17, yatima asiye na pa kulala, akaokotwa na kuhani wa hekalu la Kishinto. Alipotajirika hakuoa. Aliweka vimada watatu katika eneo moja la jumba lake, akazaa na kila mmoja binti: Matsuko, Takeko na Umeko. Uzeeni akampenda mfanyakazi wa kiwandani aliyeitwa Kikuno, naye Kikuno akamzalia mtoto wa kiume, Shizuma. Mabinti wale watatu waliokwisha kuwa watu wazima walimvamia Kikuno na kumfukuza yeye na kichanga chake.

Wosia unaposomwa, mabinti hawapati kitu. Mali yote pamoja na alama tatu za ukoo, ambazo ni shoka, koto (ala ya muziki ya nyuzi) na ua la krisanthemumu, anapewa Tamayo, mjukuu wa yule kuhani, kwa sharti kwamba aolewe na mmoja wa wajukuu watatu wa Sahei. Tamayo akifa au akipoteza haki yake, mali itagawanywa mafungu matano: kila mjukuu fungu moja, na Shizuma, mtoto wa Kikuno, mafungu mawili. Mzee amewafunga wote kwa kamba moja, kisha akafa. Kuanzia hapo maiti zinafuatana.

Wasomaji wa 1950 walielewa ugomvi huo kuliko msomaji wa leo. Sheria ya kiraia iliyoanza kutumika Japani mwaka 1898 ilimpa mkuu wa kaya mamlaka makubwa juu ya jamaa zake wote, na alipokufa, cheo na mali vilishuka kwa mrithi mmoja, kwa kawaida mwana wa kwanza wa kiume. Katiba mpya ilianza kufanya kazi tarehe 3 Mei 1947, na marekebisho ya sheria ya kiraia yaliyoanza mwaka 1948 yakaufuta utaratibu huo. Watoto wakawekwa sawa, wa kike kwa wa kiume, mkubwa kwa mdogo. Ila usawa huo ulikuwa na tundu: mtoto wa nje ya ndoa aliendelea kupata nusu ya fungu la mwenzake wa ndani ya ndoa. Yokomizo aliiweka hadithi yake katika mpito huo.

Vita navyo vimeingia hadi sebuleni. Sukekiyo anarudi kutoka Burma uso umeungua, amevaa kinyago cha mpira. (Ni uwanja uleule wa vita ambako mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye askari wa King's African Rifles (KAR), ilipigana na Wajapani katika bonde la Kabaw.) Nyumbani hakuna anayeamini kwamba aliye nyuma ya kinyago ndiye Sukekiyo kweli. Ndipo inapokumbukwa kwamba kabla ya kwenda vitani aliacha hekaluni alama ya kiganja chake. Jamaa wanamtaka mtu wa kinyago achovye mkono kwenye wino na kuubandika kwenye karatasi, alama zilinganishwe. Matsuko, mama yake, anawaka kwa hasira: mwanawe apimwe vidole kama mhalifu? Onyesho hilo halina damu hata tone, lakini ndilo ambalo waongozaji wamekuwa wakilipa muda mrefu, kamera ikihama kutoka uso hadi uso.

Riwaya ilikaa robo karne kabla ya kulipuka upya. Mwaka 1976 mchapishaji Kadokawa Haruki aliamua kuingia katika utengenezaji wa filamu ili auze vitabu na tiketi kwa pamoja, akaanza na Inugami. Ichikawa Kon aliongoza, Ishizaka Koji akaigiza mpelelezi Kindaichi Kosuke, na Yokomizo mwenyewe akatokea kidogo kama mwenye hoteli. Picha ya miguu miwili iliyosimama wima juu ya maji ya ziwa, mwili ukiwa umezama kichwa chini, ikawa maarufu kiasi cha kuigizwa na wachekeshaji hadi leo.

Runinga haikuchelewa. Aprili 1977 kituo cha MBS cha Osaka kilianza mfululizo wa hadithi za Yokomizo, na Inugami ikafungua dimba kwa sehemu tano. Nafasi ya Matsuko ilichukuliwa na Kyo Machiko, yule nyota wa filamu ya Rashomon, na Furuya Ikko akawa Kindaichi, kazi aliyoendelea nayo kwenye runinga hadi 2005. Kwa sababu ilikuwa na wiki tano badala ya saa mbili na nusu za sinema, runinga iliweza kuzama katika yale ambayo filamu iliyapita haraka: chuki ya mabinti watatu kwa baba aliyewazaa bila kuwapenda.

Kindaichi ni mpelelezi wa ajabu. Anavaa kimono na hakama (suruali pana) zilizochakaa, kofia iliyopondeka, na akifikiri anajikuna kichwa mpaka mba inamwagika. Lakini la kushangaza zaidi ni kwamba hazuii vifo. Anafika kwenye jumba, anaketi, anauliza maswali, na watu wanaendelea kufa hadi orodha ya muuaji inapokwisha. Kazi yake halisi ni kuwa mgeni. Mambo ambayo ukoo umeyanyamazia kwa miaka 30 yanahitaji masikio ya mtu asiye wa ukoo ndipo yatamkwe. Mgeni huyo ndiye uzi unaopita katika nusu karne ya tamthilia hizi, ingawa nguo zake zilibadilika.

Maisha nje ya runinga hayakuwa mepesi. Kanuni ya adhabu ya Japani iliagiza kifo au kifungo cha maisha kwa aliyemuua mzazi wake, bila kujali mzazi huyo alimtenda nini. Tarehe 4 Aprili 1973 Mahakama ya Juu ya Japani, katika kesi ya binti aliyemuua baba yake baada ya kunyanyaswa kwa miaka mingi, iliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha katiba. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama hiyo kukitangaza kifungu cha sheria kuwa batili. Watazamaji waliokaa mbele ya Inugami miaka michache baadaye walikuwa wamekwisha kusikia kwamba nyumba ya familia yaweza kuwa mahali pa hatari.

Julai 1977 kituo cha TV Asahi kilianzisha Doyo Waido Gekijo, jukwaa la tamthilia la Jumamosi usiku. Mwanzoni kila tamthilia ilichukua dakika 90, na mwaka 1979 zikawa saa mbili. Nippon TV ilijibu mwaka 1981 kwa Kayo Sasupensu Gekijo, ya Jumanne. Kanuni zilijengeka haraka. Tamthilia inakwisha usiku uleule, hakuna kungoja wiki ijayo. Kichwa chake gazetini ni kirefu kiasi cha kusimulia nusu ya kisa. Na mwishoni mhalifu anaungama juu ya genge la bahari, upepo ukimpeperushia nywele.

Mazoea ya genge hilo hutajwa kuwa yalitokana na Zero no Shoten, riwaya ya Matsumoto Seicho iliyoingia sinema mwaka 1961 na kupigwa picha kwenye majabali ya rasi ya Noto. Nayo ni hadithi ya ndoa: bibi harusi anaachwa siku chache baada ya harusi na mume anayetoweka, na katika kumtafuta anagundua kwamba hakumjua hata kidogo.

Kwa Matsumoto ndiko alikotoka pia mgeni wa pili wa runinga. Mwaka 1963 aliandika Atsui Kuki, hadithi ya mfanyakazi wa ndani anayepangiwa kazi nyumbani kwa profesa wa udaktari. Anaiona familia tulivu na yenye heshima, inamkera, naye anaanza kuichokonoa makusudi mpaka ifumuke. Tarehe 2 Julai 1983 TV Asahi iliionyesha kwa jina la Kaseifu wa Mita!, Mfanyakazi wa Ndani Aliona!, na Ichihara Etsuko ndiye aliyeigiza. Kuanzia kazi ya pili watunzi walimpa jina jipya, Ishizaki Akiko, na visa vipya. Uovu wa mhusika wa Matsumoto ulipunguzwa, udaku ukaongezwa.

Chaguo la Ichihara lilikuwa la werevu. Watoto wa Japani walikuwa wameizoea sauti yake katika katuni za hekaya za kale, sauti ya bibi anayesimulia kando ya moto. Sasa sauti hiyo ilitoka kwa mwanamke anayechungulia kwenye upenyo wa mlango, macho yamemtoka, kitambaa cha kufutia vumbi mkononi. Akiko anatumwa na wakala kwenye nyumba za madaktari, wanasiasa na wenye makampuni. Anafua, anapika, anasikiliza: mume ana mwanamke nje, mke ana deni, bibi anafichwa chumba cha nyuma, kaka wawili wanaviziana kwa ajili ya kampuni. Mwishowe anawakuta wamekaa pamoja na kumwaga kila kitu hadharani, kisha anabeba mzigo wake na kuondoka. Kazi ya 1984 ilivuka asilimia 30 ya watazamaji. Hadi mfululizo ulipofungwa mwaka 2008 zilikuwa zimetengenezwa 26.

Tofauti na Inugami, hapa mara nyingi hakuna anayeuawa. Akiko hatafuti muuaji, anatafuta uongo. Japani ya miaka ya 1980 ilikuwa imejaa pesa, na watu waliokodi vyumba vidogo walifurahia kuona kwamba kwenye majumba yenye bustani hali si shwari.

Kisha Oktoba 2011, miezi saba baada ya tetemeko na tsunami ya Machi 11, Nippon TV ilileta Kaseifu no Mita, jina lililomchokoza waziwazi yule wa zamani. Mtunzi Yukawa Kazuhiko alimbuni Mita Akari, aliyeigizwa na Matsushima Nanako: mfanyakazi wa ndani asiyetabasamu, mwenye kofia, koti zito na begi linalotoa kila kifaa kinachohitajika. Ukimwamuru jambo, anajibu kwamba amesikia, na analitenda, hata likiwa la kutisha. Anaajiriwa na baba wa watoto wanne aliyefiwa na mke. Watoto wanaamini mama alizama mtoni kwa ajali. Ukweli ni kwamba alijiua baada ya mume kumwambia anataka talaka kwa sababu ya mwanamke mwingine.

Fumbo limegeuka. Jumba si la tajiri, urithi haugombewi, na swali si nani atapata mali. Watoto wanauliza kama baba anawapenda, na baba, kwa uoga wake wa kweli, anashindwa kujibu. Siri kubwa kuliko zote anayo mgeni mwenyewe: Mita alimpoteza mume na mtoto katika moto, na tangu hapo akajizuia kucheka. Sehemu ya mwisho, iliyorushwa Desemba 21, ilipata asilimia 40.0 katika eneo la Kanto, kiwango ambacho tamthilia za Japani zilikuwa hazikifikii tena kwa kawaida.

Lile tundu la sheria ya 1948 nalo lilizibwa: tarehe 4 Septemba 2013 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kumpa mtoto wa nje ya ndoa nusu fungu la mirathi ni kinyume cha katiba, na Desemba mwaka huohuo Bunge likairekebisha sheria. Doyo Waido Gekijo ilifungwa mwaka 2017 baada ya miaka 40, na tamthilia zake sasa huonekana zaidi kama marudio ya mchana. Mwaka 2023 NHK ilionyesha Inugami mpya kwa sehemu mbili, Kindaichi akiwa Yoshioka Hidetaka. Watunzi wanaotaka kisa cha leo wana kazi ya ziada ya kutafuta washukiwa: katika sensa ya 2020, takriban asilimia 38 ya kaya zote za Japani zilikuwa za mtu mmoja.