Dawa ya alsa ya babu zetu: babu wa nani?

Sema una alsa hapa Salama, hata dakika tano haziishi kabla hujaambiwa utafute mwarobaini. Chemsha majani, kunywa asubuhi kabla ya chai, vumilia uchungu. Na lazima mtu aongeze: "Hiyo ndiyo dawa ya babu zetu, sio hizi kemikali za wazungu."

Sawa. Lakini babu wa nani?

Mti wetu hapa Ukambani ni mukau. Huo unaota wenyewe kwenye ukame wa Kitui na Makueni, tunapasua mbao, mbuzi wanakula majani. Mwarobaini ni ndugu yake wa ng'ambo. Ni wa familia moja na mukau, ila asili yake ni Bara Hindi na nchi jirani kama Burma. Sisi tuliupa tu jina la Kiswahili, kutokana na ile imani kwamba unatibu magonjwa arobaini. Kwao unaitwa nim, na umo kwenye Ayurveda, elimu ya tiba ya Wahindi yenye zaidi ya miaka 2,000.

Hiyo elimu ilikuwa na maelezo yake kuhusu tumbo. Mwili una nguvu tatu: vata, pitta na kapha. Pitta ni ya moto, ndiyo inayomeng'enya chakula. Ikizidi na kuchacha, unapata kiungulia na maji machungu yanayopanda kooni. Waliita amlapitta, yaani pitta iliyochacha. Kitabu kimoja chao, Madhava Nidana, cha karne ya 7 au ya 8, kinaeleza pia maumivu yanayokuja chakula kinapokuwa kinasagwa tumboni. Mtu mwenye alsa akisoma hapo atadhani ameandikwa yeye. Tiba yao? Punguza pilipili na vitu vichachu, kunywa maziwa, tumia samli, mizizi ya kupoza, na vitu vichungu kama nim.

Sasa vilifikaje huku? Pwani ni rahisi kueleza. Majahazi yalivuka kutoka India kwa pepo za kaskazi kwa karne nyingi, na manjano na viungo vingine vilikuja na biashara hiyo. Bara ni hadithi ya reli. Ujenzi ulianza Mombasa 1896, ukafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Vibarua kama 32,000 waliletwa kutoka India. Karibu 2,500 walikufa. Wengi walirudi kwao, na kama 6,700 wakabaki. Ukitaka ushahidi usiende mbali, panda gari hadi Makindu uone hekalu la Masingasinga lililojengwa 1926, ambapo mpaka leo msafiri yeyote anakula bure. Reli hiyo inapita hapa kwetu. Ilifuatwa na maduka ya Wahindi kwenye vituo vyake, na duka la Mhindi halikuwa la sukari na chumvi peke yake. Viungo vya jikoni mwao ndivyo vilivyokuwa pia dawa ya nyumbani.

Kwa hivyo "asili" tunayojivunia ni ya watu waliosafiri. Mimi hilo halinisumbui, hata mahindi hayakuanzia kwetu na hakuna atakayeninyang'anya muthokoi. Kinachonisumbua ni vile neno "asili" linatumika kuzima maswali.

Kwa sababu wazee wa India waliona mambo ya kweli. Chukua ule mzizi mtamu wanaouita mulethi. Mwaka 1946 daktari Mholanzi, Revers, aliripoti kwamba unasaidia vidonda vya tumbo, lakini wagonjwa wengine walivimba. Miaka ya 1960 Waingereza wakatoa ndani yake dawa ya hospitali, carbenoxolone. Ilisaidia vidonda kupona, ila ilipandisha presha na kushusha potasiamu mwilini. Yaani mzizi unafanya kazi, na mzizi unaweza kukuumiza. Vyote viwili ni kweli.

Na kabla hujawacheka wazee, hospitali nayo ilikosea kwa miaka mingi. Madaktari walisema alsa ni mawazo mengi na asidi. Ndipo 1982 huko Perth, Australia, Barry Marshall na Robin Warren wakafanikiwa kuotesha bakteria kutoka tumboni mwa wagonjwa. Wenzao hawakuamini, mpaka 1984 Marshall akanywa hao bakteria mwenyewe na tumbo likawaka. Leo wanaitwa Helicobacter pylori, na 2005 wawili hao wakapewa tuzo ya Nobel. Sababu nyingine kubwa ya alsa ni dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofen na diclofenac, zile tunazomeza kama njugu mgongo ukiuma.

Hapo ndipo stori inageuka ya nyumbani. Nyanya yangu amenywa vitu vichungu tangu nikiwa shule ya msingi. Akinywa, anapata nafuu wiki mbili, kisha maumivu yanarudi, ananunua chupa nyingine. Mwaka jana tukampeleka kupimwa choo, bakteria wakaonekana. Akapewa antibiotiki aina mbili na dawa ya kupunguza asidi, siku 14. Miaka yote hiyo moto ulikuwa unapozwa huku anayeuwasha yumo ndani.

Pia hiyo chupa ya leo siyo ile ya zamani. Mwaka 2003 watafiti walinunua dawa 70 za Ayurveda zilizotoka Asia ya Kusini kwenye maduka ya Boston, Marekani. Dawa 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Hiyo ni moja kwa kila tano, na zilikuwa na lebo. Sasa fikiria unga wa kwenye karatasi usio na jina la aliyeutengeneza. Kenya ina Bodi ya Famasia na Sumu inayosajili hata dawa za mitishamba, kwa hivyo kumuuliza muuzaji namba ya usajili sio madharau.

Mimi chuo niliacha, na udaktari sijasomea. Lakini historia hii inasomeka hata bila digrii. Wazee walitazama dalili kwa makini, wakajaribu, wakabadilisha. Kuwaheshimu ni kuendelea kuchunguza. Tangawizi yako kunywa, pilipili punguza, lakini pima H. pylori kwanza, na mwambie daktari kila kitu unachokunywa. Choo kikiwa cheusi kama lami, au ukitapika damu, usisubiri chai ya mwarobaini ichemke. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.