Wafula

Wafula ni jina la kiume la Wabukusu, jamii ya Waluhya wa magharibi mwa Kenya, ambalo leo hutumika pia kama jina la ukoo. Asili yake ni neno la Kibukusu *efula*, yaani mvua. Kiambishi *wa-* huonyesha mwanamume, na *na-* mwanamke, kama katika Nafula. Kwa desturi hupewa mtoto aliyezaliwa majira ya mvua, sawa na Wekesa wa wakati wa mavuno na Wanjala wa wakati wa njaa. Huweza pia kurithiwa kutoka kwa babu, bila kujali majira. Binti anayetumia jina la baba huitwa Wafula vilevile.

Jina hili limeenea sana katika kaunti za Bungoma na Trans Nzoia, ikiwemo mitaa ya mji wa Kitale kama Tuwan, kwani Wabukusu wengi walihamia Trans Nzoia kufanya kazi katika mashamba ya walowezi na, baada ya uhuru wa 1963, kununua ardhi. Hupatikana pia mashariki mwa Uganda. Miongoni mwa waliolibeba ni Wafula Chebukati (1961–2025), mwenyekiti wa tume ya uchaguzi ya Kenya, 2017–2023.