Upatanisho wa kiima na kitenzi katika Kiingereza

Upatanisho wa kiima na kitenzi ni kanuni inayotaka kitenzi kifuate umoja au wingi wa nomino kuu ya kiima, hata kama maneno mengi yameingia katikati. Katika Kiingereza alama zake ni chache mno: wakati uliopo nafsi ya tatu umoja huchukua "-s", na wakati uliopita ni kitenzi "be" peke yake kinachobadilika, "was" au "were". Uchache huo ndio chanzo cha taabu. Tukisema "Ufunguo wa makabati umepotea", kiambishi u- kinaturudisha kwenye ufunguo papo hapo. Kiingereza hakina ngeli za kutuongoza hivyo.

Ndiyo maana wengi huandika "The key to the cabinets are missing", ilhali sahihi ni "is". Makabati yako jirani na kitenzi lakini hayakitawali. Mwaka 1991 Kathryn Bock na Carol Miller walichapisha majaribio ambamo wazungumzaji wa Kiingereza walipewa mianzo ya sentensi wakaimalizia. Makosa yalizidi pale nomino kuu ilipokuwa ya umoja na jirani yake ya wingi. Kinyume chake hakikuwatatiza sana.

Kishazi rejeshi kinahitaji uangalifu zaidi. Katika "She is one of the nurses who work at night", "who" inarejelea wauguzi, kwa hiyo "work" haina "-s". Ongeza "the only" kabla ya "one" na maana inageuka: anayekesha ni mmoja tu, na kitenzi kinakuwa "works". Mwanafunzi asiyejiuliza ni nani hasa anayefanya kazi hiyo hataokolewa na kanuni yoyote.

Mzungumzaji wa Kiswahili ana mtego wake. Kwetu "Mwalimu mkuu pamoja na walimu wamefika" ni sawa kabisa, lakini "together with" na "as well as" haziongezi idadi ya kiima: "The headteacher, together with the teachers, has arrived". Kwa "neither… nor" mambo ni tofauti, kwani kwa kawaida nomino ya karibu ndiyo inayoamua: "Neither the manager nor the drivers know". Nomino za makundi kama "team" hutumiwa kwa umoja au wingi Uingereza; Marekani hupendelea umoja.