Siwati: Msimamo wa Abdilatif Abdalla kati ya Waraka na Shairi, 1968–1974

Mnamo Novemba 1968, waraka wenye kichwa Kenya: Twendapi? ulisambazwa mjini Mombasa. Mwandishi wake, Abdilatif Abdalla, alikuwa kijana wa miaka 22 na mfuasi wa chama cha upinzani cha Kenya People's Union (KPU), kilichoongozwa na Jaramogi Oginga Odinga. Miezi michache kabla, wagombea wa KPU walikuwa wameenguliwa katika uchaguzi wa serikali za mitaa. Waraka huo uliishutumu serikali ya Jomo Kenyatta kwa udikteta.

Mwaka 1969 Abdilatif alitiwa hatiani kwa uchochezi, akatumikia kifungo cha miaka 3. Oktoba mwaka huohuo KPU yenyewe ikapigwa marufuku. Kwa hiyo, mfungwa huyu hakuwa tena na chama cha kukitetea. Alibakiwa na imani yake tu.

Diwani ya Sauti ya Dhiki (1973), aliyoitunga gerezani na kuiandika kwa siri kwenye karatasi za chooni, mara nyingi husomwa kama hazina ya mafumbo. Usomaji huo una msingi: katika shairi la "Mamba", mnyama huyo anasimamia mtawala anayejidhania wa milele. Hata hivyo, "N'shishiyelo ni Lilo" na "Siwati" hayafumbi chochote. Vichwa vyenyewe ni viapo: nililolishika ni hilo, na siliachi. Aidha, vimeandikwa kwa Kimvita, lahaja ya nyumbani kwake. Hivyo mshairi aliishikilia imani na kauli ya kwao kwa pamoja. Basi fumbo kwake lilikuwa mbinu ya kisanaa, si maficho ya mwoga, kwani palipohitaji kauli ya wazi aliitoa.

Abdilatif alifunguliwa mwaka 1972, akaenda kufanya kazi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1974 diwani yake ilipata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yenye jina la rais ambaye serikali yake ilimfunga. Tuzo hiyo isichukuliwe kuwa ushahidi wa dola kulegea. Mwishoni mwa 1977, Ngũgĩ wa Thiong'o aliwekwa kizuizini bila kushtakiwa, baada ya tamthilia ya Kigikuyu aliyoiandika pamoja na Ngũgĩ wa Mirii kuchezwa Kamirithu. Inachothibitisha tuzo ni kwamba kifungo hakikufaulu kuyaondolea maneno ya mfungwa thamani yake mbele ya wasomaji.