Namna ya Kuuliza Intaneti Upate Jibu la Kutegemewa

Mtambo wa kutafuta, uwe Google, Bing au DuckDuckGo, haujui jibu la swali lako. Umepitia kurasa nyingi mno na kuziweka katika orodha yake, na ukiandika maneno hukupangia zile unazoona zinakaribiana nayo. Google, iliyoanzishwa mwaka 1998 na Larry Page na Sergey Brin, ilijipatia sifa kwa kuangalia pia ukurasa upi unaelekezwa na kurasa nyingine nyingi. Kwa hiyo kukaa juu ni dalili ya kujulikana. Usahihi ni jambo jingine.

Tena nafasi za juu kabisa mara nyingi ni matangazo yaliyolipiwa, na hapo ndipo watu wanapoumizwa. Mtu aliyetuma pesa za M-Pesa kwa namba isiyo yake huwa na haraka. Akitafuta namba ya kusaidiwa na kupiga ya kwanza aionayo, huenda akampa tapeli namba yake ya siri kwa hiari yake. Njia halali ni kuupeleka ujumbe ule wa muamala kwa 456, bila kumpigia mtu yeyote.

Kwa huduma za serikali, tazama jina la tovuti linaishia wapi kabla ya mkwaju wa kwanza. La Kenya huishia go.ke, kama ecitizen.go.ke. Likiwa na go.ke katikati kisha likamalizikia kwa .com, ondoka. Waweza pia kuubana mtambo wenyewe: andika kitambulisho kilichopotea site:go.ke, bila nafasi baada ya nukta pacha, nao utakuletea kurasa za serikali pekee.

Wanaojifunza kuandika programu wana shida ya aina nyingine. Programu ikigoma, anayeanza huandika "programu yangu haifanyi kazi", na mtambo hauna la kushika. Python, kwa mfano, ikikwama humwaga mistari mingi, lakini wa mwisho ndio unaotaja kosa, kama vile ModuleNotFoundError: No module named 'requests'. Nakili mstari huo ulivyo, uweke ndani ya alama za kunukuu ili maneno yatafutwe kwa mpangilio huo huo, na uongeze neno Python. Majina ya faili na folda zako yaondoe, kwani hakuna mwingine duniani aliye nayo. Ukiletewa majibu ya jambo jingine, tia kistari mbele ya neno usilolitaka, nalo litaachwa nje. Hapa andika Kiingereza, hata kama ni cha kuungaunga: ujumbe wa kosa uko katika lugha hiyo, na wengi waliojibu waliitumia.

Kisha angalia tarehe. Python 2 iliruhusu print bila mabano. Python 3 huyataka. Ile ya zamani iliachwa kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020, lakini majibu yake bado yamejaa mtandaoni. Na tiki ya kijani katika Stack Overflow maana yake ni kwamba aliyeuliza aliridhika siku ile. Jibu lililo chini yake huenda likawa jipya na bora zaidi.

Maswali ya hapa kwetu yatajie mahali. Anayekwenda mwambani kutafuta pweza wakati wa bamvua asiandike "maji kupwa" tu. Aongeze Kilindini, Malindi au Lamu, pamoja na tarehe. Halafu ahakikishe jedwali linatumia saa za wapi. Mengine hutumia UTC, nasi tuko mbele yake kwa saa 3. Na 09:00 ya jedwali la saa za Kenya kwetu ni saa tatu asubuhi, wala si saa tisa. Akikosea hesabu hiyo, maji yatamkuta yuko mbali na ufuo.

Siku hizi juu ya orodha hutokea pia muhtasari uliotungwa na akili mnemba. Mwezi Mei 2024, wa Google uliwashauri watu watie gundi kwenye piza ili jibini isiteleze, ushauri uliotokana na mzaha wa zamani wa mtandaoni. Ukiulizia dozi ya dawa ya mtoto, pita muhtasari huo, ufungue ukurasa wenyewe uone ni nani aliyeuandika, kisha umpigie mhudumu wa afya kabla ya kumpa mtoto chochote.