Farm 17 Inacheza Ligi Gani?

Ndugu zangu, juma hili tuzungumze juu ya watu wanaofunga safari ndefu kwenda kuangalia mawe.

Huko Sanchi, katikati ya India, yapo majengo ya ibada ya Wabudha, mengine yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Pori liliyameza kwa karne nyingi, hadi afisa mmoja wa Kiingereza alipoyakuta mwaka 1818. Yalifyekwa, yakatengenezwa, na mwaka 1989 yakaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Leo watu hutoka nchi za mbali kwenda kuyazunguka kwa heshima.

Nikajiuliza: je, pori letu sisi limemeza nini? Nikapanda basi kwenda Kusini.

Kutoka Lindi unapita Mingoyo na Mtama, unafika Nyangao, ambako wapiganaji wa Maji Maji waliichoma misheni mwaka 1905. Pale Nanganga unachepuka kuingia Ruangwa, nchi ya Wamwera, ya mikorosho na ufuta. Stendi ya Ruangwa nilimwuliza kijana mmoja kama anaifahamu Farm 17. Akanijibu kwa swali: "Hiyo inacheza ligi gani, mzee?"

Sikumcheka. Hajui kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Farm 17 iko Nachingwea, na jina lake ni la Kiingereza kwa sababu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Serikali ya Uingereza ilitaka mafuta ya kula, ikaamua kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yakaletwa, bandari ikajengwa Mtwara, reli ikatandikwa hadi Nachingwea. Mashamba yakapewa namba. Mwaka 1951 mpango ukavunjwa, na zaidi ya pauni milioni 35 zikafutwa vitabuni. Reli nayo iking'olewa miaka ya mwanzo ya Uhuru.

Lakini shamba namba 17 lilikuja kuota zao jingine. FRELIMO walipoanza vita dhidi ya Wareno mwaka 1964, Tanzania iliwapa mahali pa kujifunzia, na Nachingwea ikawa kambi yao kubwa. Samora Machel aliwafunza askari hapo. Mwaka 1967 wakaingia wasichana 25 kupata mafunzo ya kijeshi, akiwamo Josina, aliyekuja kuwa mkewe.

Nilimkuta mzee mmoja kibarazani, nikampa shikamoo yake, nikakaa mkekani. Akaniambia: "Usiku tulisikia malori. Asubuhi hatukuulizana. Tulijua ni wageni wa Mwalimu, basi." Mji mzima ulitunza siri, wala hakuna aliyepewa nishani kwa kunyamaza.

Hata hivyo, ukweli haugawanywi nusu. Mwaka 1975, Msumbiji ikikaribia uhuru wake wa tarehe 25 Juni, kambini hapo hapo walisimamishwa mbele ya umati watu walioitwa wasaliti. Mmoja wao alikuwa Uria Simango, aliyekuwa makamu wa rais wa FRELIMO, akasomeshwa maungamo yake. Baadaye aliuawa bila kufikishwa mahakamani. Nilipomgusia mzee habari hiyo, alitazama mikorosho kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama nimekula.

Mahali pa historia hapawi pa sifa tupu. Hapo hapo mkoloni alipopoteza fedha, Waafrika walijifunza kujikomboa, na hapo hapo baadhi yao walikosa haki. Tukisimulia ushindi peke yake, wajukuu watajua tumewaficha jambo, na hata ule ushindi hawatausadiki.

Najua vitabu vipo. Mradi uliopewa jina la Brigedia Jenerali Hashim Mbita ulitoa majuzuu 9 ya historia ya ukombozi mwaka 2014. Lakini juzuu haliwezi kumfuata kijana stendi. Jina la Farm 17 limebaki kwenye shule ya sekondari. Basi mwalimu wa historia awape wanafunzi daftari, wawaendee wazee hao waandike, yale matamu na yale machungu. Mawe ya Sanchi yalivumilia porini kwa karne nyingi. Mzee wangu wa kibarazani ana miaka mingapi ya kutusubiri?